Dawa za kisukari na sonona: si "mawazo tu"
Kwa miaka mingi mgonjwa wa kisukari asiyelala, asiyekula na anayekwepa watu ameambiwa kwamba ana mawazo tu, kana kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hukaa kichwani na sukari kwenye damu, kila moja na njia yake. Sivyo. Insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, hufanya kazi hata ndani ya ubongo, na ndiyo maana watafiti nchini Iran, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, waliwachukua wagonjwa 40 wa sonona wasio na kisukari, wakawapa wote sitalopramu, ambayo ni dawa ya sonona, kisha nusu yao wakaongezewa pioglitazoni, kidonge cha kisukari kinachousaidia mwili kuitikia insulini. Baada ya wiki 6 walioongezewa walikuwa na nafuu kubwa zaidi.

Watu 40 ni wachache mno, na inafaa kukumbuka kwamba kidonge hicho kiliongezwa juu ya dawa ya sonona, hakikuchukua nafasi yake. Tena pioglitazoni huweza kujaza maji mwilini na kumdhuru mwenye moyo dhaifu. Hata metformini, dawa nyingine ya kisukari, ile ya mama iliyoko kabatini, si ya kuazimana: ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo wenyewe huweza kuleta huzuni na uchovu.