Mwimo ni upi, kizingiti ni kipi

Juzi nimesikia tena mtu anamwambia fundi "kizingiti cha pembeni kimeliwa na mchwa", nikaona leo niandike tu. Fremu ya dirisha ina mbao nne. Mbili zimesimama, hiyo ni miimo, na ikiwa moja ni mwimo. Mbili zimelala, hivyo ni vizingiti, cha juu na cha chini. Basi, maana ndo hiyo.

Kinachoniuma ni mwimo kusahaulika wakati neno linajieleza lenyewe, ni ndugu wa wima, na simama yumo kwenye ukoo huohuo. Fremu tumeichukua kwa Waingereza, sina ugomvi nayo, ila Dar ukisema unatafuta fremu utapelekwa kuonyeshwa chumba cha duka. Kizingiti nacho kimehamia kwenye hotuba, vizingiti vya maendeleo, mpaka watu wanadhani maana yake ni kikwazo tu, wakati mwenyewe ni ule ubao wa mlangoni ambao usipoinua mguu unajikwaa. Wanaosoma Biblia wataikumbuka Kutoka 12, damu inapakwa kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu, kila kimoja na jina lake.

Mimi mkanganyiko huu umenilia mbao. Nilikuwa na shata mbili, yale mabawa ya dirisha yanayofunguka, za mninga zenye vioo, tumezitoa nyumba ya bibi ilipobomolewa, nzima kabisa, nikataka fremu mpya ya kuzipokea. Nikampigia fundi simu, nikamwambia kizingiti kiwe kipana, kiwe na mteremko kwa nje, na kwa chini apige kamfereji ili maji ya mvua yadondokee hapo yasirudi ukutani. Kumbe kwake kizingiti ni ubao wowote wa fremu, akapiga randa mbao zote nne zikawa na mteremko, sasa mwimo wenye mteremko bawaba unaifungaje? Mwimo ndo unabeba shata, lazima unyooke kwa timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima. Na shata za zamani unazipima kwanza zenyewe, kila moja, juu, kati na chini maana zimeshacheza na miaka, urefu wake ndo unakupa miimo na upana wake unakupa vizingiti, ukianza na tundu la ukuta utaishia kuzikata shata za watu.

Alafu kuna linta. Ile ni ya zege na nondo, ndo inabeba tofali za juu ya dirisha, kizingiti cha mbao hakijatengenezwa kubeba ukuta, kwa hiyo fundi akikwambia linta ya nini wakati kizingiti kipo, mkatalie kwa upole.

Na yule wa mchwa, ndugu yangu, ulichoonyesha kwa kidole ni mwimo wa kushoto, upande wa bawaba. Ukimtajia fundi hivohivo atakuja na ubao wa urefu sahihi.