Kubana matumizi ni nini? Tuanzie kwenye kipimo cha mafuta

Neno "kubana matumizi" limezoeleka mno. Serikali ikisoma bajeti inasema inabana matumizi, baba mshahara ukichelewa anasema tubane matumizi, na shule zikifungua Januari kila nyumba inabana. Wengi wetu tukilisikia tunaelewa jambo moja tu: kutoa hela kidogo. Mimi nililielewa hivyo kwa miaka mingi, na kwa kulielewa hivyo nilikuwa napoteza hela kila jioni dukani huku nikijiona mwangalifu.

Naomba turudi kwenye neno lenyewe. Kubana ni kushika kitu kisiponyoke. Kibanio kinabana nywele, koleo inabana msumari. Kinachobanwa hakitupwi, kinazuiwa kisivuje. Kwa hiyo maana ninayoitetea hapa ni hii: kubana matumizi ni kupata kile kile unachokihitaji kwa gharama ndogo zaidi, na kuachana na kile ambacho hukukihitaji tangu mwanzo. Kula mlo mmoja badala ya miwili kwa sababu hela haipo siyo kubana. Huko ni kukosa, na mtu aliyekosa hahitaji kuhubiriwa kubana.

Twende dukani. Mtaani kwetu Mbagala, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, mwenye duka anaitwa Mangi, awe Mchagga asiwe Mchagga. Ikifika saa kumi na mbili jioni dirisha lake limejaa. Mafuta ya mia tano. Sukari robo. Unga nusu. Majani ya chai ya mia. Mtoto aliyetumwa ananyoosha kikombe chake, Mangi anachota kwenye ndoo kwa kikopo kidogo chenye mkono mrefu, anakiinamisha, anasubiri mpaka tone la mwisho lianguke, kisha mtoto anaondoka akitembea taratibu asimwage. Hicho kikopo ndicho kipimo. Kenya ununuzi wa namna hii wanauita kadogo, na sisi tunasema tu kununua vya kupima.

Siku moja niliamua kujua kipimo kile kina nini ndani yake. Nilichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, na kila nilipoleta mafuta ya mia tano niliyamimina humo bila kuyagusa. Chupa ilijaa kwenye kipimo cha nane. Yaani nusu lita kwa shilingi 4,000, lita moja kwa shilingi 8,000. Duka hilo hilo, wiki hiyo hiyo, ukitaka lita nzima ilikuwa 6,500. Nikapanda mpaka Rangi Tatu kwenye maduka ya jumla, dumu la lita 5 lilikuwa 28,000, sawa na 5,600 kwa lita. Bei hizo zimeshabadilika, lakini chukua chupa yako ufanye hivyo hivyo leo, pengo utaliona.

Nyumbani kwangu tuko watano na tunatumia vipimo viwili kwa siku. Kwa Mangi hiyo ni shilingi 1,000. Mafuta hayo hayo yakitoka kwenye dumu ni shilingi 700. Shilingi 300 ni ndogo, hata mtoto ukimpa anaweza kununa. Ila dumu hilo linakaa siku 40, na katika siku 40 hizo 300 zinakuwa 12,000. Yaani niliyeweka 28,000 yangu kwenye dumu, baada ya siku 40 nimebaki na 12,000 ambazo zingeenda dukani. Sijui akaunti ya akiba yoyote inayolipa hivyo kwa muda huo. Na hapo ni mafuta peke yake. Sukari, sabuni ya unga, mchele na mkaa vyote vina hadithi inayofanana.

Mtu anaweza kusema basi Mangi mwizi. Hapana. Mangi amenunua ndoo ya lita 20 kwa mtaji wake, amebeba nauli, amesimama dirishani tangu alfajiri mpaka usiku, mengine yamemwagika, na kwenye daftari lake kuna majina ya watu waliochukua tangu mwezi uliopita hawajalipa. Anapokuuzia vipimo viwili vya mia tano anakuuzia mafuta na pia anakukodisha mtaji wake kwa jioni moja. Ile 300 ya ziada ndiyo kodi ya mtaji huo. Ukilitazama hivyo, unaona kwamba anayenunua vya kupima kila siku anaishi kwa mkopo mdogo usioandikwa popote, na riba yake anailipa ndani ya bei.

Wala anayenunua vya kupima si mjinga. Kibarua wa saiti, mama wa vitumbua na dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya kupeleka kwa tajiri wote wanapata hela kwa siku, kwa hiyo wananunua kwa siku. Na chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya hela hiyo. Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel aliliona jambo hili kwenye bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaliandika mwaka 1857: kadiri kipato cha familia kilivyo kidogo, ndivyo fungu la chakula linavyokuwa kubwa katika kipato hicho. Ndiyo maana mtu wa kipato kidogo anapigwa mara mbili. Fungu lake kubwa ni chakula, na chakula hicho hicho ndicho anachokinunua kwa bei ya juu kuliko mwenye mshahara anayejaza gari kwenye duka la jumla mwisho wa mwezi.

Kipimo kina faida moja, nayo ndiyo iliyonishinda nilipojaribu mara ya kwanza. Nilinunua dumu nikaliweka jikoni kwa furaha. Halikufika siku 40, liliisha siku ya 24. Chapati zilianza kuelea, jirani akaja kuomba "kidogo tu", na kila aliyeingia jikoni alimimina moja kwa moja kutoka kwenye mdomo wa dumu. Kitu kikionekana kingi, mkono unakuwa mwepesi. Nilipopiga hesabu nikakuta nimetumia zaidi kwa siku kuliko nilipokuwa kwa Mangi. Kipimo cha mia tano kilikuwa kikinilinda: mafuta yakiisha, yameisha, unapika na yaliyopo.

Hapo ndipo nilipoielewa dhana nzima. Kununua na kutumia ni vitendo viwili, na kila kimoja kina adabu yake. Nunua kwa jumla, tumia kwa kipimo. Nilitafuta kikopo chenye ujazo sawa na cha Mangi, nikakifunga kamba shingoni mwa dumu, na dumu likaenda chini ya kitanda. Jikoni inabaki chupa ndogo inayojazwa kila Jumapili kwa vikopo 14. Jirani akija anapewa kutoka kwenye chupa, na mimi najua nimetoa kiasi gani.

Wazee wa pwani walikuwa na vipimo vyao kabla ya kilo na lita: kibaba, kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne. Pishi bado tunaikuta kila mwisho wa Ramadhani kwenye zaka ya fitri, inayokadiriwa kuwa kama kilo mbili na nusu za nafaka kwa kila mtu. Ule msemo tunaofundishwa tangu darasa la kwanza, haba na haba hujaza kibaba, ulisemwa na watu waliokuwa wakipima nafaka kwa mikono yao. Ila una ndugu yake ambaye shuleni hatumtaji sana: bandu bandu huisha gogo. Gogo ni lile lile la kuni, na kinacholimaliza ni vipande vidogo ambavyo kila kimoja hakionekani kuwa hasara. Shilingi 300 ya kila siku inaweza kuwa haba inayojaza, au bandu inayomaliza.

Kanuni hii haifai kila mahali. Nyanya, mchicha na samaki ukinunua vingi bila friji vinaoza, na kilichooza ni hela iliyooza. Mkaa wa gunia una unafuu, lakini mimina gunia ujue chini kuna chenga kiasi gani kabla hujalipa. Bila pa kuuhifadhi, mvua moja inaumaliza. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, ni tofauti kabisa. Uniti haina punguzo la jumla, ukinunua za 2,000 au za 20,000 bei ya uniti ni ile ile, na mteja aliye kwenye daraja la matumizi madogo ya nyumbani akipita uniti 75 ndani ya mwezi bei inaruka juu. Huyo akinunua nyingi kwa mara moja kwa kudhani anabana, anajiumiza.

Kwenye simu, kipimo kinarudi kwa sura nyingine. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, wengi wetu tunaweka hela kwenye simu kisha tunaitoa vipande vipande. Ada za kutoa zimepangwa kwa madaraja ya kiasi, na katika madaraja ya chini ada inakula sehemu kubwa zaidi ya hela unayotoa. Anayetoa 5,000 mara nne kwa wiki analipa ada mara nne. Nikijua mahitaji ya wiki, natoa mara moja, naziweka kwenye bahasha, natumia kwa siku.

Na kuna sehemu moja inayonisikitisha kila ninapoifikiria, nayo ni kodi ya chumba. Wenye nyumba wengi Dar wanataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu yule yule ambaye hana 28,000 za dumu analazimishwa kununua makazi kwa jumla, tena bila punguzo la jumla. Hela ambayo ingemtoa kwenye vipimo vya Mangi inamezwa na mlango wa chumba. Mtu wa namna hiyo ukimwambia tu "bana matumizi" hujamwambia kitu.

Basi dumu la kwanza linatoka wapi? Mimi lilitoka kwenye kibubu. Kile cha mbao, chenye tundu la sarafu, kilichopigiliwa misumari pande zote ili usikifungue kwa hamu ya siku moja. Nilikuwa nadumbukiza 1,000 kila siku niliyopata ya ziada. Wengine wanatumia mchezo: kina mama kumi, kila mmoja anampa kijumbe, yaani mkusanyaji wao, 3,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 30,000. Ukipokea zamu yako ukanunua dumu, mchezo umekupa mtaji bila riba. Ukipokea ukanunua sare ya harusi, umepokea tu hela zako mwenyewe ulizozitoa. Usikope kausha damu kwa ajili ya dumu. Mkopo wa riba ya wiki kwa wiki unaweza kula 12,000 zote za akiba kabla dumu halijafika nusu, na mkopeshaji akianza kubeba vyombo, dumu linakwenda nalo.

Watu huuliza tofauti ya kubana na ubahili. Bahili ana hela na mtoto wake anakwenda shule na kiatu kilichotoboka. Bahili anaacha boda yake bila kubadilisha oili ili aokoe elfu kumi na kitu, injini inagongana, analipa laki kadhaa. Anayebana anakwenda kinyume chake: anatoa hela mapema pale ambapo kuchelewa kutamgharimu zaidi. Nyumbani kwangu kwa sasa zile 12,000 za kila dumu zina kazi yake, zinasubiri madaftari ya Januari. Watoto wanajua. Wakiona napima mafuta hawaoni ugumu, wanahesabu vikopo pamoja nami.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote niliijua baadaye, na ndiyo ninayowaambia wasio na kibubu wala mchezo. Jirani zangu wawili na mimi tulichanga, 9,400 kwa 9,400, mmoja akaenda Rangi Tatu akarudi na dumu, na shilingi 200 iliyozidi tukamwachia. Tukaketi barazani na chupa kumi za nusu lita zilizooshwa na kukaushwa juani, tukamimina huku tukizisawazisha kwa macho. Kila mmoja akachukua chupa tatu. Ya kumi tuliigawa kwa kikopo, raundi baada ya raundi, mpaka chupa ikatoa matone ya mwisho, na tone la mwisho kabisa akapewa mwenye mtoto mchanga.