Je, wajua kwa nini prosesa ya 6502 iliuzwa dola 25 tu?

Septemba 1975, wakati wa maonyesho ya elektroniki ya WESCON mjini San Francisco, kampuni ndogo ya MOS Technology ilianza kuuza prosesa (chipu iliyo ubongo wa kompyuta) iitwayo 6502 kwa dola 25. Waliosikia walidhani ni utapeli, maana mwaka mmoja tu nyuma prosesa ya 8080 ya Intel ilikuwa inauzwa dola 360. Kwa kuwa kuuza bidhaa ukumbini kulikatazwa, Chuck Peddle, aliyeongoza ubunifu wa 6502, na wenzake walihamia chumba cha hoteli na kuweka mezani mtungi wa kioo uliojaa chipu. Inasimuliwa kwamba nzima zilikuwa zile za juu tu. Za chini zilikuwa mbovu, zimetiwa humo ili mnunuzi aone mzigo upo wa kutosha.

Bei yenyewe, hata hivyo, haikuwa kiini macho. Peddle na kundi lake walikuwa wametoka kampuni ya Motorola, walikoshiriki kazi ya prosesa ya 6800, na walijua wateja wanataka kitu rahisi kuliko hicho. Wakapunguza. 6800 ilikuwa na akiumuleta mbili, yaani rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa) ambamo hesabu hufanyiwa; wao wakabakiza moja, na mahali pa rejista ya faharasa ya biti 16 wakaweka mbili ndogo, X na Y, za biti 8 kila moja. Transista, yaani swichi ndogo mno zinazounda chipu, zikabaki kama 3,500 hivi, na chipu ikawa ndogo.

Udogo huo ndio uliobeba bei. Chipu nyingi huchapwa kwa pamoja kwenye kisahani kimoja cha silikoni, na kisahani hakikosi kasoro hapa na pale. Ni kama kitambaa chenye madoa: ukikata mashuka, karibu kila moja litatoka na doa, ukikata leso, nyingi zitapona. Zaidi ya hapo, MOS waliweza kurekebisha makosa kwenye violezo vya kuchapia, jambo ambalo washindani hawakulimudu, kwa hiyo chipu chache zaidi ziliishia jalalani.

Upungufu wa rejista nao walikuwa wameufikiria. Baiti 256 za mwanzo za kumbukumbu zilifikiwa kwa amri fupi na za haraka, na waandishi wa programu wakazitumia kana kwamba ni rejista za ziada. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ufundi hasa.

Motorola walijibu kwa kushusha bei ya 6800 hadi dola 69. Wakati huo Steve Wozniak alikuwa ameshanunua 6502 yake, na juu yake akajenga kompyuta ya Apple I, kisha Apple II ya 1977. Chipu za ukoo huohuo ziliendesha mashine ya gemu ya Atari 2600, kompyuta ya Commodore 64 na mashine ya gemu ya Nintendo, pamoja na zile za kuiga, za bei poa, za kuchomeka kwenye TV, ambazo watoto wengi wa Afrika Mashariki walikua nazo.

Uingereza, kampuni ya Acorn iliitumia 6502 kwenye kompyuta ya BBC Micro ya 1981. Ilipotafuta prosesa ya kuirithi 6502, wahandisi wake Sophie Wilson na Steve Furber walikwenda Arizona kwa Bill Mensch, mmoja wa waliobuni 6502, wakakuta kikosi kidogo tu kikisanifu prosesa kwenye nyumba ya kawaida. Wakaona kumbe hata wao wanaweza. Prosesa yao ya kwanza, ARM, iliwaka 1985, na usanifu wake ndio uliomo leo katika karibu kila simu janja.