Kitelugu kina umri gani? Maana ya "lugha ya klasiki" nchini India

Nchini India, "lugha ya klasiki" si sifa ya kupambia hotuba. Ni hadhi inayotolewa rasmi na serikali kuu. Kitamili kiliipata 2004, Kisanskriti 2005, kisha Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, na jirani yake Kikannada kwa pamoja 2008. Leo lugha zenye hadhi hiyo ni 11. Kihindi, chenye wasemaji wengi kuliko zote, hakimo.

Sharti kubwa ni ukale wa maandishi pamoja na hazina ya fasihi. Mwanzoni ilitosha kuwa na maandishi ya miaka 1,000. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi miaka 1,500 au 2,000. Kinachopimwa ni maandishi, wala si usemi, na wabishani wengi wa mitandaoni husahau jambo hilo. Kitelugu, Kitamili, Kikannada na Kimalayalam ni ndugu wa familia ya Kidravidi, wote wametokana na lugha mama moja. Kuuliza nani kati yao "alizaliwa" kwanza hakuna tija. Jiwe lililochongwa, hilo lina tarehe.

Jiwe la Kitelugu lipo Kalamalla, wilaya ya Kadapa, jimbo la Andhra Pradesh. Linakadiriwa kuwa la mwaka 575 hivi. Wafalme wa enzi hizo walizoea kuandika amri zao kwa Kisanskriti au Kiprakriti, yaani lugha za kale za India zilizo karibu na Kisanskriti. Watawala wadogo wa Renadu, eneo ilipo Kalamalla, wakaamua kutumia lugha ya raia wao. Sasa piga hesabu: kuanzia 575 hadi 2008 ni miaka 1,433, pungufu kidogo ya kiwango. Ndiyo maana watetezi wa Kitelugu hawaishii Kalamalla, bali huonyesha pia maneno ya Kitelugu yaliyomo ndani ya maandishi ya Kiprakriti ya zamani zaidi. Hadhi hiyo hata ilipingwa mahakamani mjini Chennai, lakini kesi ikatupwa 2016.

Kwa maoni yangu, nguvu ya Kitelugu haiko kwenye ukale. Kwa ukale wa fasihi Kitamili kinakiacha mbali, maana mashairi yake ya kwanza yana takriban miaka 2,000. Kitabu cha kwanza kikubwa cha Kitelugu kilichobaki ni Mahabharata ya mshairi Nannaya, yaani utenzi mkubwa wa kale wa Kihindu kwa Kitelugu, iliyoanza kutungwa karne ya 11 katika baraza la mfalme Rajaraja Narendra, Rajahmundry. Nannaya hakuimaliza. Tikkana aliichukua karne ya 13, Errapragada akaziba pengo lililobaki karne ya 14, na watu wa huko huwataja watatu hao kwa pamoja kama nguzo za ushairi wao.

Nguvu yake imo katika kupendwa na wasiokuwa wake. Krishnadevaraya, mfalme wa Vijayanagara, dola la kusini mwa India, kuanzia 1509, alitawala watu wa lugha nyingi, wakiwemo Wakannada na Watamili, lakini utenzi wake mkuu aliutunga kwa Kitelugu. Tyagaraja, mtunzi wa nyimbo aliyefariki 1847, aliishi Thiruvaiyaru, katikati kabisa ya nchi ya Watamili, na karibu nyimbo zake zote ni za Kitelugu. Kila mwaka wanamuziki hukusanyika huko, wengi wao Watamili, na kuimba pamoja nyimbo zake tano mashuhuri: moja ni ya Kisanskriti, nne ni za Kitelugu.