Uvimbe wa ubongo wa marehemu na figo aliyoiacha

Wagonjwa wanaosafishwa damu katika hospitali ya Bugando, Mwanza, wengine wakivuka ziwa kutoka Ukerewe, wanajua kwamba Tanzania figo ya kupandikizwa hutolewa na ndugu aliye hai. Ndivyo ilivyo tangu hospitali ya Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017. Marekani na Uingereza figo nyingi hutoka kwa marehemu, na huko ndiko linakozuka swali hili: kama marehemu alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, seli zake zinaweza kufuatana na figo au ini na kuota mwilini mwa aliyepandikizwa?

Zinaweza, ila ni nadra sana. Uvimbe ulioanzia kwenye ubongo wenyewe huua kwa kukua na kubana ndani ya fuvu. Ni mara chache utoke nje ya ubongo na mgongo. Utafiti wa Uingereza uliohusu watoaji wa mwaka 2000 hadi 2016 ulichambua upandikizaji 778 kutoka kwa marehemu wenye uvimbe wa aina hiyo, 262 ukiwa ule mkali. Haukupatikana hata mmoja uliohama. Miongoni mwa watoaji walikuwemo waliopasuliwa kichwa, jambo lililokuwa likihofiwa kwamba huzifungulia seli njia. Mrija unaoshusha maji ya ubongo hadi tumboni, ambao wazazi wengi wa watoto wenye vichwa vikubwa wanaufahamu, nao huhofiwa kwa sababu hiyohiyo. Visa vichache vya glioblastoma, uvimbe mkali sana wa ubongo, kuhama vimewahi kuripotiwa, kwa hiyo si sahihi kusema hatari haipo.

Kinachonitia hofu zaidi ni saratani iliyoanzia kwingine ikapanda kichwani. Melanoma, ambayo ni saratani ya ngozi, au koriokasinoma inayotokana na mimba, huweza kuvuja damu ndani ya ubongo, na kila mtu akaamini marehemu alikufa kwa kiharusi. Saratani hiyo inakuwa tayari imetembea kwenye damu, na inaweza kuwa imejificha ndani ya figo. Mpokeaji naye anameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, hivyo seli ngeni hazikuti ulinzi wa kutosha. Ndiyo maana familia ya marehemu huulizwa maswali yanayoonekana hayahusiani kabisa na figo: aliwahi kukatwa baka la ngozi? Mimba iliharibika karibuni? Hedhi ilikuwaje? Wajibu bila kuficha, maana jibu moja linaweza kuokoa watu kadhaa.

Ikigundulika kwamba saratani imehama na figo, madaktari huweza kuitoa, wakasimamisha dawa za kushusha kinga, na mgonjwa akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Kinga ikiamka, wakati mwingine huzimaliza seli hizo yenyewe. Aliyepandikizwa ini au moyo hana mashine ya kurudia namna hiyo, lakini pia akikataa kiungo hicho huenda asiishi hadi kipatikane kingine. Anapaswa kuelezwa yote mawili kabla hajasaini.