Kupiga dawa shambani Marekani: nani lazima awe na leseni?

Wenzetu wanaolima hapa Marekani huniuliza: "Nina ekari mbili tu za mboga, nahitaji leseni ya kupiga dawa?" Ukubwa wa shamba hauhusiki. Kinachoangaliwa ni dawa yenyewe, na shamba ni la nani.

Anza na lebo. Tangu FIFRA, sheria ya taifa ya viuatilifu, iliporekebishwa mwaka 1972, viuatilifu viko mafungu mawili. Vya kawaida unanunua na kupulizia shambani kwako, mradi ufuate lebo. Vingine vimedhibitiwa: juu ya lebo, ndani ya kisanduku, pameandikwa RESTRICTED USE PESTICIDE. Ukiona maneno hayo na huna cheti, rudisha chupa. Cheti chenyewe hakitolewi kwa aliye chini ya miaka 18.

Unayepulizia dawa hizo shambani kwako, kwenye shamba la kukodi au la mwajiri wako, unachukua cheti cha mkulima binafsi. Anayelipwa kupulizia mashamba ya watu anachukua cha biashara, nacho kina jasho zaidi: mtihani wa maandishi, bila kufungua kitabu, msimamizi yupo, kitambulisho cha picha mkononi. Kuna mtihani wa msingi, kisha wa fani yako. Majimbo mengi humdai leseni anayelipwa hata kama dawa ni ya kawaida.

Na jirani je? Hapa sheria hunifurahisha. Ukimpulizia mkulima mwenzako, naye akaja kukupalilia, cheti chako binafsi kinatosha, ujima unatambulika. Akikulipa dola 20, hiyo tayari ni biashara.

Asiye na cheti anaweza kupulizia dawa iliyodhibitiwa akiwa amefundishwa na anasimamiwa na mwenye cheti. Parakwati, dawa ya kuua magugu, haimo katika ruhusa hiyo. Ni ya wenye cheti peke yao, tena waliopata mafunzo maalumu yanayorudiwa kila miaka 3. Watu wamekufa kwa sababu iliwekwa kwenye chupa ya kinywaji, mwingine akaja akapiga funda moja. Haina dawa ya kuifuta sumu yake. Wanaolalamika kwamba masharti yake yamezidi, mimi siwaungi mkono.

Kikwazo kikubwa cha watu wetu ni lugha. Mitihani mingi ni ya Kiingereza, majimbo kadhaa yana ya Kihispania. Tangu mwishoni mwa 2025, dawa zilizodhibitiwa zinatakiwa kuwa na maelezo ya usalama kwa Kihispania pia. Lebo ya Kiswahili sijaiona.

Ukishapata cheti, kila unapopulizia dawa iliyodhibitiwa andika jina la dawa, namba yake ya usajili ya EPA (shirika la serikali la mazingira), kiasi, zao, mahali na tarehe, ndani ya siku 14, na utunze kumbukumbu hizo miaka 2. Cheti hudumu si zaidi ya miaka 5, na majimbo mengine hutoa muda mfupi zaidi. Ukihamia jimbo jingine usidhani kinakufuata: piga simu idara ya kilimo ya huko kabla hujajaza bomba.