Miguu kuuma kesho yake sio asidi

Wengi tunaamini ukikimbia mita 100 au 200 kwa nguvu zote, asidi ya laktiki inabaki kwenye misuli ndo maana kesho yake mapaja yanauma. Inaeleweka, misuli huwa inawaka kweli ukimaliza. Ila laktiki huwa imeshapungua ndani ya saa moja hivi, moyo unaitumia kama nishati na ini linaigeuza sukari tena, wakati maumivu yanapanda saa 24 mpaka 72 baadae, sana sana ni vijeraha vidogo kwenye nyuzi za misuli iliyovutwa ikiwa imebeba uzito. Jaribu mwenyewe, siku moja panda ghorofa kadhaa kwa ngazi ushuke na lifti, wiki nyingine geuza. Utahema zaidi ukipanda, ila mapaja yatauma zaidi baada ya kushuka, maana ukishuka ndo misuli ya mapaja inavutwa ikiwa imebeba uzito wako.